Bubu wa Foleni ya Zahanati

Naomba nikiri. Mwezi mzima nimekuwa nikijifunza kupiga gitaa la umeme kwa kugonga nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili, ili sauti zitiririke moja baada ya nyingine kwa kasi. Kidole cha kati kikavimba, nikaenda zahanati hapa Sumbawanga.

Kwenye foleni nilikuwa na hedifoni chini ya kofia ya sweta, nikifanya mazoezi kwa kugonga vidole juu ya mkono wangu wa kushoto. Wimbo ulipoisha nikamsikia mama mmoja wa makamo akimwambia jirani yake, "Nimemsemesha mara tatu, kimya. Kumbe maskini ni bubu. Ona anavyoongea kwa vidole."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Lakini ningemweleza nini, kwamba sikumwitikia kwa sababu ya gitaa? Nikaona aibu, nikanyamaza. Mama akanishika bega akanipeleka mbele, na watu wote wakanipisha. Nikawainamishia kichwa kwa shukrani, mnafiki mimi.

Akaingia nami hadi kwa nesi. "Huyu hasemi," akamweleza.

Nesi akaniuliza kwa ishara panapouma. Nikamnyooshea kidole, akakibonyeza kwa nguvu.

"Taratibu dada, utakivunja," nikasema.

Nesi akaniachia mkono. Mama akafanya ishara ya msalaba, akanitazama vizuri, kisha akafungua mlango.

"Jamani, anasema," akawaambia wa kwenye foleni.

"Basi aje huku atueleze," akajibu mzee mmoja niliyempita kwenye foleni.