Kasha Alilowekewa Ryoba

Ryoba alikuwa mlinzi wa godauni la Noordin pale Migori mjini, mtu mrefu, mkimya, ambaye akikusalimu leo anaona salamu hizo zitakutosha mpaka wiki ijayo. Nyumba yake na yangu zilitenganishwa na ua wa michongoma. Maneno nilikuwa nayo mimi, ya sisi wawili.

Mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi, tisini na mbili, dereva wa lori lililotoka Zaire kupitia Tanzania alimwachia kasha. Lilikuwa dogo, ungedhani la viatu, lakini wanaume wawili walilinyanyua wakiguna. Ubavuni lilikuwa na alama ya manjano kama pangaboi. "Nitalichukua Jumapili," dereva akasema. Jumapili sita zikapita.

Ndipo Mwalimu Jeremiah alipoliona. Siku hizo redio ilitangaza habari za meli iliyobeba plutoni kutoka Ufaransa kwenda Japani, sumu inayoweza kuundia mabomu, na nchi moja baada ya nyingine ikikataa isipite karibu na pwani yake. Jeremiah akasema alama ya sumu hiyo ndiyo ile ya kasha. Noordin hakungoja chai yake ipoe.

"Ryoba, hiyo kitu itoke godauni yangu leo."

"Niipeleke wapi, mzee?"

"Kwako. Mwezini. Popote."

Angeweza kulitupa mtoni. Lakini baba yake alimlea akijua kwamba mali ya mgeni haitupwi mpaka mgeni arudi au habari ya kifo chake ifike. Akalisukuma nyumbani kwa toroli, akaliweka chini ya kitanda alichokilalia mkewe, Nyabuto, mwenye mimba ya miezi saba.

Hapa niseme ukweli, na mjue kwangu ni nadra. Aliyevuruga ni mimi. Tukiwa mtoni, jirani yetu Roseline aliniuliza, "Dani," yaani nyanya, ndivyo wote wanavyoniita, "ni kweli hiyo kitu inaua?" Ningesema sijui. Lakini bibi kizee akisema hajui, kesho nani atamuuliza kitu? Nikamwambia kuku wa Ryoba ametaga yai linalowaka kama taa ya pikipiki, na mbuzi wake amezaa mtoto wa masikio matatu, na sikio la tatu linasikia mambo ya kesho. Tulicheka mpaka ndoo ikamwagika. Kufika jioni mbuzi alikuwa na masikio matano, na Nyabuto alikuwa amefunga nguo zake.

"Itoe hiyo kitu, ama nitoke mimi," nilimsikia kupitia michongoma.

"Ni ya mtu, Nyabuto."

"Na mimi ni wa nani?"

Nyabuto akaenda kwao Kisii.

Baada ya hapo hakuna aliyevuka kizingiti chake. Mahindi yalipokauka, saga letu, lile kundi la kuvuniana kwa zamu, leo kwangu kesho kwako, liliruka shamba lake kana kwamba ni ziwa. Alivuna peke yake, akiyasemesha mahindi, yeye ambaye watu hakuwasemesha. Mara mbili nilitaka kumwitikia. Aibu ikanirudisha ndani.

Mwezi wa kwanza akasikia kuwa mtaalamu wa kupima mawe amefika Homa Bay na mashine inayolia ikinusa sumu ile. Makanga wa matatu walikataa kumpakia. Akalifunga kasha kwenye baiskeli, akaisukuma siku tatu. Rongo walimfukuza kwenye kivuli cha duka. Kwingine walimwekea kikombe cha maji katikati ya barabara, wakakimbia.

"Dani," aliniambia baadaye, "ile meli ya redioni ilikuwa mimi."

Homa Bay, mtaalamu akapitisha mashine juu ya kasha. Kimya. Akalifungua. Kuta zilikuwa za madini ya risasi, nene, na katikati tundu la kuingia kidole.

"Mzee, hii ni ya kubebea sumu hiyo tu. Haina kitu. Umelinda hewa."

Mtaalamu akabaki na kasha, dereva akirudi alifuate kwake, akampa Ryoba barua yenye muhuri.

Jeremiah aliisoma barua ile sokoni, watu wakisikiliza. Kisha akaikunja.

"Serikali inasema hakuna hatari?"

"Ndiyo," Ryoba akasema.

"Basi ipo."

Mwaka ule wa uchaguzi mihuri ya serikali ilikuwa imetuahidi mengi, na hayakuja. Roseline naye akaongeza, "Kama kasha ni tupu, kilichokuwa ndani kiko wapi? Si kimebaki chini ya kitanda?" Umati ukarudi nyuma hatua tatu.

Nikapaza sauti: "Yai nililitunga mimi! Mbuzi nilimtunga mimi!"

"Dani," Jeremiah akasema kwa huruma, "sasa ndio unadanganya."

Basi nikachukua kigoda, nikakaa mlangoni mwa Ryoba mchana kweupe, nikala ugali na omena kutoka sufuria yake. Siku nane. Wapita njia walinihesabu vidole. Siku ya tisa Roseline akaja kuomba kaa la moto. Wengine walipunga mkono kutoka barabarani. Lakini Ryoba hakuwa akiwatazama hao. Alitazama upande wa Kisii.

Nikaenda Kisii mwenyewe. Nyabuto alikuwa na mtoto mgongoni, msichana, masikio mawili, niliyahesabu. Nikakiri yote. Alinisikiliza huku akichambua mboga.

"Uongo wako nimekusamehe, mama. Lakini yeye amesukuma kasha ya mtu hata jina hajui, siku tatu, mpaka Homa Bay. Hapa Kisii hajafika hata siku moja."

Njiani nikirudi niliyalainisha maneno hayo kichwani. Nilimtia Nyabuto machozi, nikamfanya aulize kama mumewe anakula. Nilipomfikia Ryoba, akipukuchua mahindi, niliyaacha mapambo yote, nikasema maneno kama yalivyosemwa.

Mikono yake ikasimama.

"Alisema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Hukuongeza?"

"Mwanangu, ningeongeza, ningeongeza la kukufurahisha."

Akaitazama ile nyumba yake, mlango wazi, ndani kimya. Kisha akainuka, akaanza kutafuta viatu.