Duara Kwenye Geti Langu

Mwaka wa 2008 ulipoanza nilikuwa na miaka arobaini na tisa, na hapo ndipo taabu iliponipata. Shule niliachia darasa la tatu. Nilitoka ziwani nikiwa kijana, nikajifunza kuchomelea vyuma, na kufikia mwaka huo nilikuwa na nyumba yangu katika mtaa wa West Indies, karakana nyuma yake, na geti nililotengeneza kwa mkono wangu. Sikusaidiwa na mtu. Hata walimu waliwahi kupanga kwangu.

Kabla ya kura, kanisani kwetu habari ilikuwa moja tu: Mpinga Kristo. Mhubiri alisema atakuja na maneno matamu, atatia watu alama, na asiye na alama hatanunua wala kuuza. Atakayeikubali, moto wa milele. Hayo yako kwenye Biblia, siyapingi. Shida ni kwamba watu wa upande huu walimwona Mpinga Kristo kwa mgombea wa kule, na wa kule wakamwona kwa wetu. Tukishasema Amina tunatoka nje tukitazamana kwa jicho la pembeni. Mke wangu hakujali mgombea. Alijali alama.

Matokeo yakatangazwa, moshi wa nyumba zilizochomwa ukaanza. Kabila langu silo lililokuwa linatafutwa, lakini vijana waliotoka mbali hawangejua nani ni nani. Jirani yetu, mama mzee mwenyeji wa hapa, muuza maziwa, akaja na kopo la rangi nyeupe.

"Fundi, simama kando. Wanangu wamesema nyumba yenye duara haiguswi."

Akachora. Kwa haraka yake, duara likatoka refu.

"Mama, hilo ni yai."

"Nyamaza. Wewe ulisoma wapi hata unikosoe?"

Nikacheka, nikaenda kutafuta unga. Duka lililofunguliwa lilikuwa moja, na mwenye duka aliniuliza kwanza kama geti langu limechorwa. Nikasema ndiyo, akaniuzia. Nyuma yangu kulikuwa na watu aliowafukuza.

Niliporudi nilimkuta mke wangu amepiga magoti mbele ya geti, kitambaa mkononi, mafuta ya taa kando. Rangi yote ameitoa.

"Umefanya nini, mama?"

"Duka limekuuzia?"

"Limeniuzia."

"Na wasio na duara?"

Nikautua unga chini.

"Basi umejionea," akasema. "Heri nyumba iungue kuliko sisi."

Nikakimbia kwa jirani. Kopo lilikuwa tupu, rangi imeishia kwenye mageti ya wengine. Nikiwa bado kwake, nikasikia kelele za vijana zikipanda barabara. Nilirudi mbio, nikamshika mke wangu mkono, tukapitia ua wa nyuma. Nyumba, karakana, mashine, vyote viliungua. Tulitembea hadi Plateau, tukalala nje pamoja na wengine waliokimbia.

Jirani nilikutana naye sokoni hali ilipotulia.

"Nilikupa uzima, Fundi," akasema, "mkaupangusa na mafuta ya taa. Wanangu wananicheka, eti nalinda wasiotaka kulindwa."

Nilianza kumweleza habari ya ile alama, nikaacha. Yeye pia alikuwa wa kanisa letu, mahubiri yale tuliyasikia pamoja.

Nyumbani neno hilo halijaisha. Mimi nasema ile ilikuwa rangi tu. Mke wangu anasema Mpinga Kristo hatakuja na pembe, atakuja na kopo la rangi, tena ataletwa na mtu mwema. Hapo hunishinda, na mimi si mtu wa kushindwa na maneno.

Leo nina shamba la ekari mbili huko Moiben. Nina nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, ng'ombe wa maziwa wanne, mashine moja ya kuchomelea, na pikipiki. Mke ni yule yule. Ploti ya West Indies bado ni yangu, haina kitu. Nikienda kufyeka nyasi, yule mama jirani huingia ndani na kufunga mlango.