Kovu la Bega la Kulia

Dorah ni Mjaluo wa Musoma, na dagaa wake pale sokoni Nyasho huwanadi kwa jina la nyumbani, la Kijaluo, ambalo hata Kenya ndilo wanalotumia: "Omena! Omena!" Juzi afisa wa uhamiaji alisikia, akasimama. "Mama, wewe si Mkenya?"

Dorah akapandisha mkono wa gauni taratibu, kwa maringo, akamwonyesha kovu la chanjo. "Wakenya wanachanjwaga mkono wa kushoto, huku chini. Mimi serikali yangu ilinichanja bega la kulia, nikiwa bado mgongoni kwa mama."

Soko likapiga vigelegele. Afisa akacheka, akageuka aondoke.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Wa ushuru wanapita hapa kila siku. Mbona wao hawaniulizagi nchi yangu?"