Mapipa ya Wifi Yangu

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni dobi. Amefua nguo za watu tangu alipoachika, na mikono yake imezeeka kabla ya uso. Nyumba yake iko mwisho kabisa wa bomba. Wenzake wa juu wana matangi makubwa, na siku ya mgao matangi hayo hunywa kwanza. Yakishashiba, maji hukatwa. Bomba la wifi hukoroma kidogo kama mtu aliyelala, kisha kimya. Basi huteka kisimani bondeni, anapanda na ndoo kichwani, na sasa mgongo umemgomea.

Tukasikia mpimaji wa idara ya maji atapita nyumba kwa nyumba aone nani anapata maji na nani hapati. Mtaa wenye shida utawekewa bomba lake. Wifi aliliombea hilo bomba kuliko alivyowahi kuomba mume.

Siku yenyewe nikaenda kumsaidia kufagia. Nikakuta mapipa yote yamejaa hadi ukingoni, yamefunikwa vitambaa vyeupe. Mwenyewe ameketi mlangoni, kashika kiuno.

"Wifi, maji yote haya umeyatoa wapi?"

"Kisimani, tangu jana. Mgeni aje akute hata ya kunawa hakuna? Watasema dobi mchafu."

"Si huo ukavu ndio anaokuja kuuangalia?"

"Nitamweleza. Mdomo ninao."

"Huo tunaujua mtaa mzima," nikasema. Akacheka, huku anajikanda mgongo.

Mpimaji akaja, mtu wa heshima zake. Huko juu alikuwa amefungua mabomba ya jikoni, yakamwaga maji ya matangini, akaridhika. Kwa wifi akanawa, akanywa kikombe kizima, kisha akafunua pipa.

"Mama, mbona wewe una akiba kuliko wengi?"

"Baba, hayo nimeyabeba kwa kichwa changu."

"Kila nyumba wananiambia hivyo, mama," akasema kwa upole, akaandika.

Bomba jipya limekwenda mtaa mwingine. Namshukuru Mungu kwa yote, ila kwa hili shukrani hunikwama kooni. Mafundi walipokuwa wakipitisha mabomba mbele ya mlango wa wifi, waliona kiu, wakamwomba maji. Akawapa yaliyokuwa yamebaki. Kisha akanikabidhi ndoo, maana kuinama kisimani hawezi tena, na nguo za watu zilikuwa bado kwenye karai.