Mjomba Kaipasha Moto Dramu Yangu

Leo dramu yangu imeunguzwa na mtu aliyekuwa ananisaidia. ANANISAIDIA, jamani!

Harusi, mtaa wa Msamala, mchana kweupe. Nimeshafunga dramu zangu zote, nikaenda kula ubwabwa.

Sasa ieleweke: ile kubwa ya pembeni huwa nailegeza makusudi. Nataka mlio mzito, kama wa albamu za roki za zamani. Sio hawa wapiga dramu wa siku hizi wanaogonga kama wanaua nyoka.

Narudi. Dramu haipo!

Naikuta kwa wazee wanaopiga lizombe, ngoma ya asili, imepangwa pamoja na ngoma zao kuzunguka moto, eti ipate joto ikaze. Ngozi ya ng'ombe inakaza, sawa. Yangu ni plastiki! Imejikunja kama mfuko wa rambo.

"Nani kafanya hivi?"

Akanyanyuka mjomba wa bibi harusi, mzee wa watu, anatabasamu.

"Mwanangu, ilikuwa imelegea. Nikakuonea huruma."

Nikamsogelea nimtolee ukali wote. Mdomo ukatoa nini?

"Shikamoo."

(Ungekuwa wewe ungesema nini?)

"Marahaba. Basi chukua yangu, umalizie shughuli."

Nikaisimamisha ngoma yake penye pengo, nikaitandika kwa hasira zote.

Jamani. Ule mlio! Ule ule ninaoutafuta miaka yote kwa selotepu na matambara.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko plastiki.

Sijamwambia. Na atakayemwambia, tusijuane.