Kura ya Mdogo Wangu

Nilirudi Runyenjes na diploma ya usimamizi wa hoteli niliyojilipia kwa kutandika vitanda Doha, nikajenga nyumba ya mawe bila senti ya mwanamume. Nasema hivyo ili ieleweke kwamba mimi si mtu wa kudanganywa na wanasiasa. Mwaka ule wa uchaguzi wa kaunti sikumwamini yeyote.

Mgombea mmoja wa wadi yetu alisimama kanisani akaahidi kuondoa sindano za kupanga uzazi katika zahanati. Mwanamke aliyeshindana naye aliahidi muuguzi wa kupanga uzazi kila siku, na dawa zisizokatika. Lakini aliyasema kwenye mkutano wa akina mama, mlango umefungwa. Nikamshuku. Nikamfuata hadi kiwanda cha kahawa, wanaume wamepanga foleni na magunia yao, nikamwuliza kwa sauti kuhusu sindano. Akajibu vilevile.

"Mama, nenda ukafunge kizazi chako!" mmoja akamzomea.

"Changu kimemaliza kazi. Nazungumzia cha mke wako, anayekuogopa."

Hapo akapata kura yangu.

Ya mdogo wangu ndiyo iliyonitia wasiwasi. Alikuwa na watoto sita. Wa sita alitolewa kwa upasuaji kule Embu, na daktari akamwonya kwamba mimba nyingine itamuua. Mumewe alisema daktari ni mwoga, na sindano ililetwa kutumaliza sisi watu wa huku.

Siku ya kura shemeji alisimama nyuma ya mkewe, karibu mno. Nilimwona akimnong'oneza, naye akaitikia kwa kichwa. Nikajua kuna njama. Alipofika kwa karani akasema, "Mimi sijui kusoma. Naomba kusaidiwa."

Damu ilinichemka. Huyu alimaliza darasa la nane, na Jumapili husoma Biblia mbele ya kanisa zima! Watu kwenye foleni wakaanza kucheka chini chini. Shemeji alikuwa ameshapiga hatua mbele.

"Mimi ni mume wake. Nitamsaidia."

"Msaidizi huchaguliwa na mwenye kura," karani akasema. "Mama, unamtaka nani?"

Mdogo wangu akaninyooshea kidole. "Dada yangu. Ana diploma."

"Tulikubaliana nini?" shemeji akafoka.

"Ulisema niseme sijui kusoma. Si nimesema?"

Foleni nzima iliangua kicheko. Karani akaniapisha kwamba sitatoa siri ya kura ile. Ndani ya kibanda nilishika kalamu kwa madaha, kama mtaalamu. Mdogo wangu akaninyang'anya, akaweka alama mwenyewe kwa yule mwanamke, tena kwa nguvu hadi nikahofia karatasi itachanika.

"Kwa nini hukuingia peke yako tu?" nikamnong'oneza.

"Angenihoji mwezi mzima. Sasa akuhoji wewe."

Na alinihoji kweli, pale pale langoni. "Shemeji, amemwekea nani?"

"Nimekula kiapo, shemeji."

Yule mwanamke alishinda kwa kura chache. Nilikagua zahanati mwenyewe, maana ahadi ni ahadi tu, na muuguzi nilimkuta. Mtoto wa saba hajaja hadi leo, na mdogo wangu ndiye aliyeniruhusu kuandika haya. Nashuku shemeji alijua zamani habari ya kura, na ya sindano pia. Siku hizi akija kwangu huzungumzia bei ya kahawa tu, haraka haraka, kama mtu anayeogopa nitamwambia.