Jina la Fundi Nyamweya kwenye Jiwe la Parokia

Alhamisi, tarehe 20 Desemba 2007, saa nne asubuhi, nilikuwa nimeketi kwenye kigoda mbele ya kanisa letu nikisoma majina ya marehemu kwa sauti. Fundi Nyamweya, Mkisii mchongaji mawe kutoka Tabaka, alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe la kumbukumbu akiyafufua majina hayo kwa patasi, herufi moja baada ya nyingine. Kanisa letu liko juu ya kilima kidogo kati ya Rongo na Ndhiwa, mahali Migori inapokutana na Homa Bay, na nchi ya Wakisii haiko mbali. Jiwe liliwekwa na wanaume waliorudi kutoka Burma baada ya vita vya pili. Waliandika juu yake wenzao ambao hawakurudi, na juu kabisa wakaandika baba zao, waliochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi katika vita vya kwanza wakafia njiani huko Tanganyika. Mvua ya miaka mingi ilikuwa imeyafuta majina hadi wajukuu wakawa wanayasoma kwa kuyapapasa.

"Ongwen," nilisoma.

"O tena?" Nyamweya aliweka nyundo chini. "Mama Katibu, mnanionea. Otieno, Okoth, Odera, sasa Ongwen. Mviringo ndio kazi ngumu kuliko zote kwa jiwe. Hakuna hata mmoja wenu aliyeitwa jina la mistari iliyonyooka?"

"Na nyinyi je? Kila mtu Nya, Nya, kama paka wa sokoni."

"Paka ndiyo, lakini paka alijua kuandika kitambo. Wewe umejifunza juzi."

Alikuwa na ruhusa ya kunitania hivyo, kwa sababu nilikuwa nimemsimulia mwenyewe. Nilianza masomo ya ngumbaru Jumatatu, tarehe 10 Januari 1994, nikiwa na miaka thelathini na minne. Kabla ya hapo nilitia sahihi kwa dole gumba. Kufikia mwaka 2007 nilikuwa katibu wa parokia, na rejista za ubatizo zilikuwa zikiandikwa kwa mkono wangu. Nilijivunia hilo waziwazi. Nilipenda hasa kuandika tarehe, kwa sababu mtu akiwa na tarehe hawezi kudanganywa.

Ni lazima nieleze hali yangu ya mwezi ule, kwa kuwa yote yaliyofuata yalipitia hapo. Mume wangu, aliyekuwa katekista, alifariki Jumatano tarehe 14 Novemba, akazikwa Jumamosi tarehe 24. Kwa desturi ya Waluo, mjane huwa na chola, uzito wa kifo unaomkalia mpaka atakaswe na ndugu wa marehemu. Kabla ya hapo haingii nyumba za watu, na mwanamume wa nje haingii kwake. Anayevunja mwiko huo hujiletea chira, balaa inayomla yeye na watoto wake polepole. Jumapili tarehe 2 Desemba, misa ilipokwisha, nilisimama mbele ya waumini nikatangaza kwamba sitatakaswa wala sitarithiwa na mtu, na kwamba mlango wangu uko wazi kwa kila mtu kama ulivyokuwa mume wangu akiwa hai.

Shemeji yangu Odhiambo alinisubiri nje.

"Nyar Kendu," aliniita, maana mimi ni binti wa Kendu Bay, "shule imekuharibu kichwa. Chira ikikupata, usituite."

"Sitakuita," nilimjibu, watu wakisikia. "Tafuta mwingine wa kumtakasa."

Baada ya siku hiyo majirani walipita mbali na boma langu. Nyamweya peke yake ndiye aliyekuja, kwanza kwa sababu ya kazi, kisha kwa sababu ya chai. Alikunywa chai mezani kwangu mara tatu. Mara ya tatu alisema, "Wewe ni askari, mama. Hata hawa wa jiwe hawakukushinda." Niliyapokea maneno hayo kama haki yangu.

Uchaguzi ulifanyika Alhamisi tarehe 27. Padre alikuwa amekwenda Homa Bay akaniachia ufunguo wa kanisa. Nyamweya hakurudi kwao kwa sikukuu, kwa sababu alitaka kumaliza jiwe lipate kubarikiwa siku ya Mwaka Mpya. Alilala katika stoo nyuma ya kanisa. Jumapili jioni, tarehe 30, matokeo ya urais yalitangazwa; Waluo wakasema kura zao zimeibwa, na Wakisii wakawekwa upande wa wezi. Wapo wanaoyaita yaliyofuata vurugu. Mimi nayaita vita, kwa kuwa niliona watu wakihesabiwa adui kwa majina waliyopewa na mama zao.

Jumatatu tarehe 31 tuliamka tukakuta moshi juu ya kituo cha biashara. Barabara ilikuwa imezibwa kwa mawe na magogo. Maduka ya Wakisii yalichomwa kwanza, kisha nyumba ya Mluo mmoja aliyewaficha wawili kati yao. Habari za nyumba hiyo ya mwisho zilinifikia saa sita mchana. Nilifunga mlango. Ndani tulikuwa wawili, mimi na binti yangu Achieng, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na saba.

Saa tisa alasiri nilisikia miguu ikikimbia kwenye mabua ya mahindi.

"Mama Katibu. Ni mimi, fundi. Nifungulie."

Achieng alinitazama. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya komeo.

Niliuondoa.

"Fundi," nilisema kupitia mlango, "mimi ni mjane wa mwezi mmoja. Mwanamume wa nje haingii hapa kabla sijatakaswa. Ndiyo desturi. Nenda kanisani."

Nilisikia pumzi yake kwenye mbao.

"Lakini juzi nilikunywa chai hapo ndani."

Nilirudi nyuma hatua moja kutoka mlangoni.

"Kanisa liko wazi, mama?"

"Nenda tu."

"Sawa, mama."

Miguu iliondoka.

Ufunguo wa kanisa ulikuwa shingoni mwangu, kwenye kamba, chini ya gauni. Chini ya mlango kulikuwa na upenyo ambao ungeupitisha. Sikuwa nimeusahau. Niliushika kwa vidole nilipokuwa nikisema "Nenda tu." Niliwaza kwamba wakimkuta ndani ya kanisa watauliza ni nani aliyempa ufunguo.

Achieng alisema, "Mama." Alisema neno hilo moja tu.

Hazikupita dakika kumi wakafika vijana, labda ishirini, wenye mapanga na rungu. Niliwaona kupitia ufa wa dirisha. Nusu yao niliwajua kwa majina yao ya ubatizo, kwa kuwa niliyaandika mimi. Walisimama uani.

"Amepita hapa. Amejificha ndani."

"Kwa huyu? Huyu ni chi liel, mke wa kaburi, bwana. Mumewe hata hajamaliza miezi miwili kaburini."

"Si alisema kanisani hana chola?"

"Alisema kwa mdomo. Chola haisikii Kiswahili. Haya, kama wewe ni mwanaume, ingia."

"Ingia wewe, omera."

"Mimi bado sijaoa. Nikaingie nyumba ya chola, nizae nini?"

Walicheka. Wakasukumana kama watoto kando ya maji baridi, na hakuna aliyekanyaga kizingiti changu. Hakuna hata aliyegusa mlango. Kisha mmoja akaonyesha kilimani kwa rungu, nao wakaondoka wakikimbia.

Nilibaki nimesimama pale pale. Nyumba yangu ilikuwa mahali pekee katika kijiji kizima ambapo hawangethubutu kuingia.

Yaliyotokea kanisani sikuyaona. Niliyasikia. Hayakuchukua muda mrefu. Walirudi wakitembea, bila kuimba, wakapita nje ya boma bila kulitazama.

Nyamweya alikutwa mlangoni mwa kanisa. Kitasa kilikuwa kimepinda na mbao zilikuwa na alama za patasi. Alikuwa amejaribu kuingia mahali nilipomtuma.

Polisi waliuchukua mwili tarehe 2 Januari 2008. Padre aliporudi aliniagiza niandike tukio hilo katika daftari la parokia. Niliandika tarehe, siku na saa bila kosa, kisha nikaandika: "Aliuawa na watu wasiojulikana." Nilipiga mstari chini yake kwa rula.

Jumamosi tarehe 15 Machi mjane wake, Kerubo, alikuja na kaka yake kuchukua vyombo vya kazi. Tuliketi kanisani, kwenye benchi la nyuma. Aliniuliza swali moja.

"Hakujaribu kukimbilia kwa mtu?"

"Sijui," nilisema.

"Kwa sababu alikuwa anakusifu nyumbani. Nilimwambia arudi mapema, asikae ugenini na hizi siasa. Akasema nisijali, kuna mama mmoja huko haogopi kitu."

Nilimpa pole. Nilimshika hata mkono.

Jiwe halikubarikiwa. Lilibaki vile alivyoliacha, majina ya juu yakiwa makali, ya chini yakiwa yamefifia. Nilikataa kurithiwa, na watu wakanizoea, na baada ya miaka kadhaa wajane wengine watatu wakakataa pia, wakisema wanafuata mfano wangu. Nilialikwa kwenye semina Kisii na Homa Bay kuzungumza juu ya ujasiri. Nilikwenda. Achieng yuko Nairobi. Huja Krismasi, huondoka kesho yake. Hajawahi kuniuliza lolote juu ya mlango ule, nami sijawahi kujidanganya kwamba amesahau.

Mwaka huu baraza la parokia liliamua kutengeneza upya jiwe, kuongeza jina la Nyamweya, na kuchapisha kijitabu cha historia ya kanisa. Kazi ya kuandika nilipewa mimi. Mwenyekiti alisema jambo la fundi liwe fupi, lifuate daftari, na kwamba ukurasa unaofuata uwe na picha yangu kama mwanamke wa kwanza wa parokia kukataa kurithiwa. Kurasa hizo mbili zingetazamana. Niliandika ule wa kwanza mara nne. Kila mara nilifika kwenye "watu wasiojulikana" nikaweka kalamu chini, kwa kuwa mmoja wao namjua vizuri.

Jumamosi, tarehe 18 Oktoba 2025, nilikwenda Tabaka. Kerubo amezeeka. Nilimkuta uani akipukuchua maharagwe, nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama: chai, mlango, desturi, ufunguo, vijana uani. Mikono yake haikuacha kazi mpaka nilipomaliza.

"Alisema nini mwisho?" aliuliza.

"Alisema, 'Sawa, mama.'" Kisha nikaongeza jambo ambalo nilikuwa nimelishikilia kwa miaka kumi na saba. "Nilidhani alinielewa."

"Hiyo sawa yake naijua," Kerubo alisema. "Nilikaa nayo miaka kumi na tisa. Alikuwa anaisema akikasirika, akiona hakuna haja ya kuongea na wewe tena."

Hakunikaribisha kiti, nami sikukitarajia. Nilimwambia kwamba picha yangu haitakuwamo katika kijitabu, na kwamba nitaandika alikokimbilia mumewe na nani aliyemfukuza. Nilimwomba ruhusa ya kulitaja jina lake yeye pia.

"Litaje," alisema. "Lakini nyinyi watu wa kanisa nawajua. Usimalizie kwa kuandika kwamba nimekusamehe. Andika kwamba ulikuja, na kwamba nilikusikia."

Nimeandika hivyo.